Ukuta wa Nuradin

Jericho, Nairobi
3 Machi 2025

Kwako Ndindi mpwa wangu, uliyebeba jina la mama yangu mzazi, na kwa hiyo mama yangu,

Salamu ziwe nyingi kuliko vumbi la mbao lililo kwenye nywele zangu. Mimi mzima, ila nimezingirwa.

Usishtuke. Wakubwa wote huzingirwa. Unamjua Nuradin, yule jirani mwenye duka la jumla hapa mbele, anayeuza pia mbuzi Kiamaiko? Amejenga ukuta. Mawe na simiti, juu kuliko kichwa changu, na unajua mimi si mfupi. Ameuweka mdomoni mwa kichochoro, pale pale ninapotokea barabarani. Karakana yangu na chumba changu viko nyuma, nyumba ya mbele wapangaji wamefunga mlango wao, na kichochoro ndicho kilikuwa njia yangu. Sasa nimekuwa kama zile nchi ulizowahi kuniambia hazina bahari.

Kuna twiga humu ndani. Futi sita, mjakaranda mtupu, kazi ya mwezi mzima. Atatokea wapi? Twiga haruki ukuta.

Nuradin ananiambia eti mlango wa nyuma wa stoo yake unafunguka kichochoroni, nipite humo, nikatize dukani, nitokee barabarani, wakati wowote, karibu sana Fundi. Anadhani sijasoma. Nikipita kwake hata mara moja, nimekubali ukuta! Kesho atasema, si ulipita na hukusema kitu?

Sababu ya ukuta ni chuki tu. Anasema magogo yangu yanajaa kichochoroni. Kweli gogo moja liliteleza kidogo mwezi wa kwanza likaegemea mlango wake, na akaja mwenyewe akaliondoa. Gogo kuteleza ni habari? Mimi nimeona mataifa yakigombana kwa mambo makubwa. Si nilikwambia nilipokuwa dereva wa wajumbe, mawaziri wawili walikataa kukaa mezani kwa sababu meza ilikuwa na kichwa, na kila mmoja alitaka kukaa kichwani? Nikaomba msumeno. Nikaikata pembe zote nne mbele yao. Meza ikawa mviringo, wakakaa, vita vikaisha kabla ya chai. Hakuna aliyeandika jina langu.

Wewe uko Arusha, unajifunza kazi pale wanapofundishwa maafisa wa serikali. Niambie nchi zikigombana zinafanyaje, nami nitafanya hivyo hivyo. Nimeandika barua kwa sababu mambo mazito nchi haziambiani kwa simu. Itume ya kwako kwa basi, ilivyokuja hii.

Mjomba wako,
Balozi Mbaluka, Mkata Meza


Arusha
6 Machi 2025

Mjomba,

Barua imefika, imekunjwa ndani ya bahasha inayonukia iliki. Sikujua karakana yako ina iliki.

Mama yangu husema gari uliloendesha lilikuwa la kusambaza soda. Lakini meza naikubali, kwa sababu ugomvi wa namna hiyo upo hasa, wa nani akae wapi.

Nitakujibu kwa ufupi, maana jibu refu wanalilipia ada hapa. Nchi zimeahidiana kwamba ugomvi utamalizwa kwa amani, ila njia ya kuumaliza zinajichagulia zenyewe. Nyingi huanza kwa kuzungumza wawili tu. Zikishindwa, humwita wa tatu akae katikati, naye hana nguvu ya kuamua, anabeba maneno tu na kuyapunguza ukali. Zikitaka uamuzi, zinaweza kuchagua waamuzi wao wenyewe na kuahidi mapema kukubali watakachosema. Au ziende mahakama kubwa. Na jambo wanalolisahau watu ni kwamba hakuna nchi inayoburutwa mahakamani bila kukubali. Lazima iwe imesema ndiyo, leo au zamani.

Kwa hiyo anza na la kwanza. Umezungumza na Nuradin? Kuzungumza, Mjomba, si kumsimulia.

Hilo la kuogopa kupita kwake usije ukaonekana umekubali, nimelisoma mbele ya mwalimu wetu akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema nchi nazo huogopa hivyo hivyo. Kunyamaza kunaweza kuhesabiwa. Kutumia njia kunaweza kuhesabiwa.

Mbona simu yako haipatikani?

Ndindi


Jericho
10 Machi 2025

Mama,

Mwalimu wenu ni mtu mwenye akili. Mwambie akija Nairobi nitamchongea fimbo.

Mazungumzo nimefanya. Nilimwita Nuradin mpakani nikamweleza habari ya meza, yote, tangu mwanzo. Akasikiliza akiwa amesimama na mfunguo wa saumu unamngoja. Nilipomaliza akasema, "Fundi, hii hadithi uliniambia pia mwezi wa kwanza, nilipokuja kukuomba uondoe magogo." Halafu akaenda kula. Huo ni utovu wa heshima wa kidiplomasia.

Nikamtishia korti. Nilipiga kelele hadi wapangaji wa mbele wakatoka, nikasema kesho niko Makadara, nitasimama mbele ya hakimu na ukuta wako utalia. Unajua alijibu nini? "Twende." Basi. Twende.

Hatukwenda. Yeye hakwenda na mimi sikwenda. Nitakwambia kwa nini, wewe ni mama yangu. Stoo yake ameiongeza bila ruhusa. Karakana yangu, vilevile. Mtaa huu ni nyumba za kaunti, kila mtu amesukuma mabati yake nyuma hadi mgongo wa mwenzake. Hakimu akisema pakaguliwe, watakuja kanjo, askari wa kaunti, na nyundo, na hawatauliza ukuta ni wa nani. Watatubomolea wote wawili, na twiga juu yake.

Kwa hiyo niko humu. Natoka, usifikiri sitoki. Nimetengeneza ngazi na ukuta naupanda kama chui, wasee wa kituo cha bodaboda wananipigia makofi. Simu ilianguka siku moja nikiwa juu, ndiyo maana. Chakula si shida, jioni hizi mtaa unanikirimu. Sambusa, tende, uji wenye pilipili manga. Mtu mwenye heshima yake hata akizingirwa analetewa.

Usiku tu ndio mrefu. Kuta zote nne nazijua sasa.

Balozi Mbaluka, Chui wa Jericho


Arusha
13 Machi 2025

Mjomba,

Umenifundisha kitu ambacho walimu wangu hukizungukazunguka. Nchi haichagui mahakama kwa sababu inapenda haki wala haiikimbii kwa sababu ni mbaya. Inajiuliza mahakama itakuta nini ikifungua mlango. Mbele ya hakimu huchagui kitakachotazamwa. Ninyi wawili mmeogopa nyundo ile ile, na huo ni mwanzo mzuri wa kuelewana kuliko meza yoyote.

Sikiliza sasa. Kuna dawa ya hofu yako. Nchi mbili zikitaka kuendelea kuishi huku ugomvi haujaisha, huandika mstari mmoja na kuutia sahihi wote. Wanasema kwamba lolote litakalofanyika kuanzia leo halitahesabiwa kuwa mmoja amekubali madai ya mwenzake. Andika hivyo na Nuradin. Kisha upite dukani kwake mchana, kwa miguu yako, kama mtu. Sipendi mambo ya ngazi. Una miaka hamsini na minne na mwandiko wa barua zako bado unaonekana kama umeziandikia juu ya paja.

Na magogo ni mangapi, kwa kweli? Liliegemea mlango kwa muda gani?

Ndindi


Jericho
17 Machi 2025

Mama,

Mstari huo wako ni mzuri lakini wa watu dhaifu. Mimi nimekwenda mbele zaidi. Keti.

Jana kulikuwa na mkutano wa kilele. Nilikataa kata kata kwenda kwao, nikasema waje wenyewe mpakani, na wakaja. Nuradin na wazee wawili wa soko la Kiamaiko, ndani ya kichochoro, wamekalia viti vya plastiki kwenye mlango wa stoo. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya gogo, nimenyoosha mguu mmoja mbele kama chifu, sikuinuka hata kusalimia. Waliogopa.

Wakasema sokoni kwao wachuuzi wa mbuzi wakigombana hawaendi polisi wala kortini. Wanachagua waamuzi wawili. Lakini ngoja. Huchagui wa kwako. Unamchagua mtu kutoka upande wa mwenzako, naye mwenzako anamchagua mtu kutoka upande wako. Kila mmoja anahukumiwa na damu ya mwenzake na damu yake. Wawili hao wakikubaliana, imeisha, hakuna rufaa. Mimi nikaona hapo hapo kwamba nimeshinda.

Nikamchagua Qamar, mke wa Nuradin. Huyo ndiye anayeleta sambusa. Mwanamke anayekupa sambusa moto akuhukumu vipi? Wazee wakatazamana. Mmoja akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema nina hakika kuliko alivyo na hakika ya mbuzi wake.

Na Nuradin akamchagua nani upande wangu? Wewe! Amesikia ninavyokusifu. Niliuambia mtaa mzima kwamba mpwa wangu anahukumu mataifa Arusha, kwamba marais husimama anapoingia. Amevutwa na sifa hizo kama nzi. Sasa ameingia mwenyewe.

Tukaapa. Yeye kwa dini yake, mimi kwa jina la mama yangu, Ndindi binti Nzivo. Watakalosema wawili hawa nitalifuata, ndivyo nilivyosema, mbele ya mashahidi.

Kwa hiyo mama, andika uamuzi. Ukuta ubomolewe, na yeye abebe mawe mwenyewe. Fanya haraka kidogo. Si kwamba nina shida.

Balozi Mbaluka, Mshindi


Jericho
19 Machi 2025

Dada Ndindi,

Assalamu alaikum. Mimi ni Qamar, mke wa Nuradin. Hatujaonana. Barua za mjomba wako mimi ndiye ninayezipeleka kwenye ofisi ya mabasi. Ananipa mlangoni pa stoo. Sijafungua hata moja, ila harufu ya iliki ni ya mikono yangu, nisamehe.

Tumechaguliwa sote wawili kwa kazi moja, kwa hiyo ni lazima nikwambie ninayoyajua, nawe uniambie yako.

Kwanza, mjomba wako hatembei. Alianguka kutoka kwenye ngazi siku ya kwanza aliyoipanda. Kifundo cha mguu kimevimba na kugeuka rangi. Anajikokota kwa matako hadi mlangoni pangu na kuniambia anakagua sakafu. Mume wangu alitaka kumbeba hospitali. Mzee akashika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, akasema akibebwa atakuwa amepita. Ninampa chakula kwenye kizingiti. Sahani inavuka, yeye havuki. Usiku namsikia akigumia, naishi ng'ambo ya barabara tu.

Pili ni gogo.

Sijui amekueleza vipi. Ilikuwa Ijumaa mwezi wa kwanza. Nilikuwa stoo napanga magunia. Mume wangu alifunga duka kwa mbele, akafunga na geti la ndani, kwa sababu mimi siku zote hutokea mlango wa nyuma. Akaenda msikitini, halafu Kiamaiko. Nikasukuma mlango. Haukusogea. Simu yangu ilikuwa kwenye droo ya duka, ng'ambo ya geti. Stoo haina dirisha. Kulikuwa na pilipili na unga, na mabati juu, na jua.

Niliita. Mjomba wako alikuwa hatua chache upande wa pili, namsikia akiongea na mteja, anacheka, kisha anawasha grinda, ile mashine yake ya kulainisha mbao. Kila ilipozimwa niliita kwa jina lake. Baada ya muda nilikuwa nagonga kwa kopo. Mume wangu alinitoa baada ya Magharibi. Sauti ilikuwa imekwisha.

Mume wangu alipomwendea, mjomba wako alisema alisikia kitu lakini alidhani ni redio ya jirani. Kisha akamsimulia habari ya meza. Mume wangu hakugombana naye. Alijenga ukuta, gogo lisiingie tena.

Sikumchukia Mzee Mbaluka. Lakini tangu siku hiyo siingii stoo bila kuweka jiwe mlangoni.

Wazee walimuuliza kama ana hakika ya kunichagua mimi. Akasema ana hakika. Na mume wangu hakukuchagua wewe kwa sababu ya marais. Alisema mtu anaweza kumbishia yeyote, lakini aliyebeba jina la mama yake hambishii.

Nakungoja.

Qamar Yonis


Arusha
24 Machi 2025

Mjomba,

Nimeandikiana na Bi. Qamar mara mbili, nasi tumekubaliana. Huu ndio uamuzi. Nuradin naye ameshausoma na kuutia sahihi.

Leo hii, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, Nuradin atakubeba na kukupitisha stoo na dukani hadi hospitali. Kupita huko hakutahesabiwa kuwa umekubali ukuta, wala kubeba hakutahesabiwa kuwa yeye amekubali lolote. Uachilie fremu ya mlango.

Ukuta utatobolewa mlango usio na kufuli, upana wa twiga wako akiwa amelala. Magogo hayataingia kichochoroni tena, yatakatwa barabarani kwanza. Yaliyomo yatatoka yote. Simiti ni ya Nuradin, fundi wa mlango ni wewe.

Sharti la tatu ni la Bi. Qamar. Mimi sikuongeza neno wala kupunguza. Mguu ukishafungwa, utaingia stoo yake siku ya Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, na mlango utaegemezwa gogo hadi Magharibi. Upande wa pili, Nuradin atawasha grinda yako. Atakuwa hapo hapo muda wote, usiogope kufa. Utaketi tu.

Unaweza kukataa, Mjomba. Hakuna polisi atakayekuja kukushika. Nchi nazo hazina polisi juu yao, na mwanzoni hilo lilinishangaza sana. Nilimuuliza mwalimu kwa nini basi nyingi hutii. Akasema kwa sababu kesho zitahitaji kuaminiwa zikisema ndiyo.

Wewe ulisema ndiyo kwa jina langu.

Mimi hapa sihukumu mataifa. Nawapangia maafisa viti na kuwatolea nakala za karatasi. Ungewaambia watu hivyo ningechaguliwa? Sasa umenifanya mwamuzi wa kweli, na kesi yangu ya kwanza ni wewe. Sikulala vizuri.

Ndindi


Jericho
30 Machi 2025

Ndindi, mama,

Mguu umefungwa plasta hadi chini ya goti. Daktari alisema mifupa miwili imevunjika, na kwamba hajawahi kuona mtu akikaa nayo hivyo. Nilimwambia hajawahi kuona watu wa kwetu. Nuradin alinibeba mgongoni kama mbuzi wa harusi, dukani wateja wakasogea. Nilifunga macho, ili nisione ninapopita.

Twiga yuko nje. Amesimama barabarani na watoto wanampanda.

Sasa la tatu. Nilikwenda Ijumaa. Nilimwambia Qamar kwamba mimi nimelala porini na fisi, stoo ya mchele itanifanya nini? Alinionyesha gunia la kukalia, akaondoa jiwe lake mlangoni, akafunga. Nikasikia gogo likiegemea. Nililijua kwa mlio wake. Nililibambua magome mwenyewe.

Giza lake si la usiku, mama. Usiku una nyufa. Mle kuna pilipili hewani, na mabati yanapasha moto kichwa polepole, kama mtu anakuwekea mkono. Nilianza kujisimulia habari ya meza, kwa sauti, ili nisinzie. Nikafika pale ninapoomba msumeno, nikaona sina pumzi ya kuendelea. Sijawahi kushindwa kuimaliza.

Nikasema nigonge kidogo, si kwa sababu ya hofu, ni kutaka tu kujua muda. Niligonga kwa adabu. Grinda ilikuwa inanguruma. Ilipozimwa nikaita, "Nuradin." Nikamsikia akicheka na mtu upande wa pili. Ikawashwa tena. Niliita tena. Nikashika kopo.

Sitakwambia niliita nini baadaye. Nilimwita hata marehemu mama, jina lako hilo.

Magharibi gogo liliondolewa. Qamar alikuwa amesimama mlangoni na tende kwenye kisahani, wala hakuwa amefurahi. Alitazama kopo mkononi mwangu lilivyobonyea. Akaenda rafuni akachukua jingine, akaliweka kando ya langu. Yalikuwa yamebonyea sawasawa. Nikala tende.

Nje nilimkuta Nuradin anafuta vumbi la mbao usoni. Nikamuuliza, nikijaribu kucheka, kama alinisikia nilivyokuwa nikimwita. Mtu huyu hasemi uwongo akiwa amefunga, wala akifungua.

Akasema, "Nilijua ni wewe, Fundi. Lakini kusikia, nilisikia redio."

Jana nilikata magogo yote kwa kukaa, mguu umenyooka. Vipande vya mwisho vinatoka leo kwa mkokoteni. Mlango wa ukuta nitauchonga mwenyewe, mwepesi, wa kusukumwa hata kwa bega. Na ule wa stoo nimemwomba Qamar ruhusa niugeuze, ufunguke kuelekea ndani, gogo lisiweze kuuzuia. Amesema atafikiri.

Mjomba wako,
Mbaluka